Wa Kwanza Kuilisha Mashine

"Hivi jirani, watoto wako hula nini?"

Aliyeuliza alikuwa mshonaji wa mlango wa pili, mama mtu mzima ambaye uani wote walimwita Mama Sindano, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Aliuliza huku akianika shuka, wala hakuuliza kwa ubaya. Jana yake mjukuu wake alikuwa ametimiza mwaka, akagawa biskuti kwa watoto wote wa uani, na watoto wawili wa jirani yake wakazikataa kwa adabu, mikono nyuma, kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. "Tumeshiba, bibi," walisema. Lakini macho ya yule mdogo hayakutoka kwenye sahani.

"Wanakula, jirani," akajibu mama yao. "Wanakula kama wenzao." Kisha akainama kwenye beseni, akakamua nguo ambayo alikwisha kuikamua.

Mama Sindano akacheka. "Basi watakuwa wanakula upepo. Kwangu hawali, kwa mama mwenye nyumba hawali, shuleni nasikia nako hawali. Kama upepo wenyewe ni wa bei rahisi, niambie unakonunua na mimi nikapange foleni."

Wote waliokuwa uani wakacheka, na mama wa watoto akacheka pamoja nao. Lakini swali lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni, haushuki wala hautoki.

Mama huyu watu walimwita Mama Sadaka. Hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alilipata kwenye foleni ya mashine ya kusaga nafaka, na ni jina lililomponza, kwa hiyo lazima nieleze lilivyoanza.

Mashine ilikuwa nyuma ya soko, katika banda la mabati, na mwenyewe aliitwa Bwana Vumbi, maana kope zake zilikuwa nyeupe tangu asubuhi mpaka anapofunga. Alikuwa mtu msafi katika kazi yake. Kila jioni aliifungua mashine, akaipiga brashi ndani, akakung'uta ule mfuko wa kitambaa unaotolea unga, ili panya na wadudu wasipate pa kulala. Kwa hiyo kila asubuhi mashine iliamka na njaa. Anayesaga wa kwanza, unga wake huingia katika kila pembe ya chuma na kila mshono wa mfuko, ukabaki humo, naye mwenyewe huondoka na pungufu. Anayefuata hupata wake kamili, na chembe za mwenzake juu yake. Watu wa pale walikuwa na msemo wao: wa kwanza huilisha mashine.

Na nani apende kuilisha? Asubuhi ungewaona akina mama wamewahi, ndoo zimepangwa vizuri, halafu kila mmoja ghafla ana shughuli. Huyu anafunga kilemba upya, huyu amekumbuka salamu za shangazi, huyu anasema, "Tangulia tu mwenzangu, mimi leo sina haraka," na wa pili naye hana haraka, na wa tatu anatafuta kiatu alichokivaa.

Mama Sadaka peke yake ndiye aliyekuwa na haraka. Alifika na ndoo yake ya mtama, akasalimia wote, akapita mbele. "Niacheni niilishe mimi," alisema, na macho yake yalikuwa chini. Juma la kwanza watu walishangaa. Juma la pili wakashukuru. Baadaye mmoja akasema, "Huyu mwenzetu anatoa sadaka mpaka kwa chuma," na jina likanata kama unga kwenye kope za Bwana Vumbi.

Jina likatembea mpaka kwenye nyumba ya ibada. Siku moja kiongozi wa akina mama alisimama akasema, "Wapo wanaotoa ili waonekane. Na yupo mwenzetu hapa anayetoa unga wa watoto wake kila juma, bila kelele." Vichwa vikageuka. Mama Sadaka akatazama sakafu mpaka akaijua nyufa zake zote. Watu wakanong'onezana, tazameni na unyenyekevu alio nao.

Maskini, yule mama hakuwa akinyenyekea. Alikuwa anaona haya. Hakuna chembe ya sadaka katika ule mtama. Alipita mbele kwa sababu mashine ya asubuhi ilikuwa safi, haijaonja ngano ya mtu wala karanga za mtu, na unga wa mashine safi ndio pekee ambao watoto wake waliweza kuula bila kuugua.

Alikuwa na watoto wawili. Binti yake mkubwa alikuwa darasa la nne, mwembamba, mwenye kusema kidogo na kuona kila kitu. Mdogo wake, kitindamimba, waliyemwita Kitinda, alikuwa na miaka sita na hajawahi kunyamaza akiwa macho. Binti tangu uchanga alikuwa akitapika maziwa, na tumbo lake likakataa ngano. Kitinda alipozaliwa akamzidi dada yake. Maziwa yalimtoa vipele, mayai yalimkaba kifua, ngano ilimharisha. Na karanga, hizo ndizo zilizokuwa mbaya kuliko vyote. Alipolambishwa mara ya kwanza, midomo ilimvimba kama aliyeumwa na nyuki.

Tabibu wa zahanati alikuwa na subira. Alimwambia mama aondoe vyakula vyote vinavyoshukiwa, kisha arudishe kimoja kimoja na kutazama, kama fundi anayetafuta waya uliokatika. Mwisho wakajua. "Si uchawi, wala si laana, wala si kosa lako," tabibu akasema. "Miili yao haipatani na vyakula hivyo. Wengine huacha wakikua, wengine hawaachi. Ila huyu mdogo, karanga isimguse hata chembe."

Mama alitoka zahanati amefarijika. Faraja hiyo haikufika mbali. Iliishia kwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alikuja kuwatembelea akasikia habari yote mpaka mwisho, kisha akajipangusa mikono na kusema, "Kwetu hakuna ubovu huo. Labda kwenu. Halafu wewe nawe, maskini na kuchagua chakula, wapi na wapi?"

Maneno mafupi hayo yalimfunga mdomo. Aliona watu wakisikia, watasema ana damu mbaya, au watasema ni umaskini uliovaa joho la ugonjwa. Binti naye atakua, ataposwa, nani atataka kuoa tumbo bovu? Basi akalifungia jambo ndani. Mwalimu wa darasa aliambiwa kwa siri. Mwingine hakuna. Na watoto wakafundishwa neno moja la kusema katika nyumba za watu: tumeshiba. Kitinda alilijua neno hilo kabla hajajua kuhesabu vidole vyake.

Mumewe, fundi rangi ambaye suruali yake ilikuwa na rangi za nyumba zote za mtaa isipokuwa yao, hakupenda. "Mficha maradhi, mke wangu," alianza siku moja.

"Usinimalizie," mkewe akasema. "Methali naijua. Na dada yako namjua."

Mume akaosha brashi zake.

Nyumbani, kusema haki, watoto walikula vizuri. Yule mama alikuwa mfuaji wa mashuka katika nyumba ya wageni, na mshahara wa mfuaji hauna mbwembwe, lakini alijua kuuvuta. Alijiwekea sheria moja: chungu ni kimoja. Hakupika cha wagonjwa na cha wazima. Wanachokula watoto ndicho anachokula baba, ndicho anachokula yeye, ili asiwepo mtoto wa kutazama sahani ya mwenzake. Asubuhi ilikuwa uji wa mtama uliopondewa ndizi mbivu, zile zenye madoa meusi ambazo muuza matunda huziuza nusu bei jioni. Mchana viazi vitamu. Jioni wali au mtama na maharage yaliyolala majini usiku kucha ili yasile mkaa mwingi, na mchicha aliopanda mwenyewe kwenye ndoo zilizotoboka. Dagaa waliliwa na miiba yao, maana tabibu alisema asiyekunywa maziwa atafute mifupa pengine. Na siku ya mapumziko alichanganya unga wa mtama, ndizi na maji ya moto, akauoka kwenye kikaango kikavu, vikatoka vidude vya duara ambavyo Kitinda aliviita visahani. "Nyumba hii tunakula sahani na chakula chake," baba alikuwa akisema, na watoto wakacheka kila mara kama ni mara ya kwanza.

Mambo yakaenda hivyo, mpaka asubuhi ile.

Ilikuwa siku ya kusaga kama kawaida. Mama Sadaka alifika, akapita mbele, akamwaga mtama wake. Alipopokea ndoo, mkono ulishuka kwa uzito ambao haukuuzoea. Akainua tena. Unga ulikuwa kamili. Akamtazama Bwana Vumbi, naye Bwana Vumbi akageuka upesi kuangalia mkanda wa mashine, anatabasamu mwenyewe.

"Leo haikula kitu," mama akasema.

"Labda haina njaa," Bwana Vumbi akajibu.

Njiani mama yule alimshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Aliona amekumbukwa. Alisema moyoni kwamba Mungu ameona haya yake ya miaka yote, akamwongezea kibaba. Nalo ndilo lililomchoma sana baadaye, kwamba alishukuru.

Siku hiyo hiyo mchana Kitinda alicheza kwenye mlango wa Mama Sindano, kama alivyopenda, akipanga vigurudumu vya uzi kuwa magari. Mama yake akamwita aje ale visahani. Akala viwili, akaanza kujikuna shingo. Akala cha tatu, midomo ikaanza kuvimba. Kisha akatapika, na pumzi yake ikawa inapiga filimbi. Baba hakuwepo. Mama akamtia mgongoni, akakimbia naye zahanati, binti nyuma yake amebeba kiatu kimoja cha mdogo wake kilichodondoka.

Alichomwa sindano, akalazwa kitandani akitazamwa, akarudi kupumua kama watu. Tabibu akauliza, "Amekula nini?"

"Cha nyumbani tu. Labda kapewa kitu na jirani."

"Sikupewa," Kitinda akasema kwa midomo minene.

"Nyamaza upumzike."

"Hakupewa, mama," binti akasema. "Mimi nilikuwepo. Bibi alikuwa anashona, hata hakuinuka."

Mama hakusikia, au hakutaka kusikia. Unga aliusaga mwenyewe, katika mashine safi, tena unga uliobarikiwa. Kama si unga, ni mtu. Na mtu aliyekuwa akiuliza kila siku watoto hawa hula nini alikuwa mmoja tu.

Jioni alipovuka uani, akina mama walikuwa wamekaa wakichambua mchele. Mama Sindano alikuwa wa kwanza kusimama. "Jirani, pole. Mtoto anaendeleaje?"

"Umempa nini mwanangu?"

Hakupaza sauti. Hajawahi kupaza sauti maisha yake. Lakini akina mama wakainua vichwa kutoka kwenye mchele.

"Nimempa nini? Vigurudumu vya uzi."

"Mtoto havimbi mdomo kwa uzi. Umekuwa ukinichokonoa siku zote, watoto hula nini, watoto hula nini. Leo ukaamua kujaribu mwenyewe."

Mama Sindano alibaki ameshika ungo. Mwisho akasema polepole, "Miaka yote nakuuliza, hunijibu. Leo wewe ndiye unaniuliza mimi?" Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sasa, wangekuwa ni watu wawili wa kawaida waliogombana, watu wangesema, haya, vikombe kabatini havikosi kugongana, na yangekwisha. Lakini aliyesema alikuwa Mama Sadaka, mama wa unga, mama aliyetajwa mbele ya watu wa ibada. Nani angemshuku? Kesho yake wale waliokuwa wakikaa mlangoni kwa Mama Sindano kusubiri nguo zao hawakukaa. Mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akasema atashona siku nyingine. Watoto waliitwa wasicheze pale. Mama Sadaka aliyaona hayo kupitia dirisha lake, na kitu fulani moyoni kikamwambia, umezidisha. Akakinyamazisha kwa kumtazama mwanawe.

Zahanati walikuwa wamesema mtoto apewe maji ya wali na viazi mpaka tumbo litulie. Likatulia. Asubuhi moja mama akaona amepona, akampikia uji wake wa mtama na ndizi, ule anaoupenda. Kitinda akaonja kijiko kimoja akaweka chini.

"Mama, uji unauma."

"Uji hauumi. Kula."

"Unauma hapa." Akagusa ulimi.

"Kitinda, usinichoshe. Unga huu nimeusaga kwa mkono wangu. Kula upate nguvu."

Mtoto alimtazama mama yake. Alikuwa mtoto wa kutii, aliyefundishwa kukataa vya watu na kupokea vya mama. Akashika kijiko. Akala kijiko cha pili huku machozi yanamtoka, akala na cha tatu. Binti akasimama ghafla, akamnyang'anya mdogo wake bakuli, uji ukamwagika mezani. "Mama, mwangalie mdomo."

Midomo ilikuwa imeanza.

Sitaki kusema mengi juu ya safari ile ya pili ya zahanati. Baba alikuwepo safari hii, alimbeba yeye. Mtoto alipona, Mungu ni mwema, na mara hii aliwahiwa mapema. Lakini mama aliketi kwenye benchi la nje na mikono yake ameikalia, kama mtu anayeogopa mikono hiyo isije ikafanya jambo jingine. Mume akaja akakaa kando yake. Hakusema methali. Kama angesema ingekuwa nafuu.

"Ni unga," mkewe akasema.

"Ni unga," mume akaitika.

"Na nilimlazimisha."



Mchana alichukua ndoo ya unga akaenda nayo kwa Bwana Vumbi. Mashine ilikuwa imezimwa, mwenyewe anakula embe kwenye kivuli cha banda. Alipomwona alifurahi, akajipangusa mikono.

"Bwana Vumbi, siku ile niliposaga, kabla yangu ilisagwa nini?"

Bwana Vumbi akacheka kidogo, kama mtoto aliyekutwa na zawadi nyuma ya mgongo. "Kumbe umejua. Nilikatazwa nisiseme."

"Nani alikukataza?"

"Si jirani yako, yule wa cherehani. Alikuja jana yake jioni na mchanganyiko wa uji wa mjukuu, ngano na karanga na soya. Akaniambia, kesho alfajiri umwage wa kwangu kwanza, mwenzangu akikuta mashine imeshiba asipunjike. Akasema, huyu anatulisha sisi wote na watoto wake wamekonda, hata biskuti wanakataa, labda wanaona haya kula vya watu. Na wewe usimwambie, naye ataona haya." Akatazama uso wa mama. "Kwani kuna ubaya?"

Mama Sadaka akatazama unga ndani ya ndoo. Alisimama pale na ndoo yake. Yule ambaye yeye alimtangaza uani kuwa amemlisha mwanawe sumu ndiye aliyetoa unga wa mjukuu wake ukaliwe na mashine kwa ajili yake. Na alitoa kwa sababu ya jina la uongo. Kama yeye angejibu lile swali siku ile kwenye kamba ya nguo, kwa neno moja tu la kweli, mashine ingebaki na njaa yake na mtoto angebaki na afya yake. Ardhi ingepasuka angeingia, lakini ardhi ya banda lile ilikuwa ya saruji.

"Hakuna ubaya wako," akasema mwisho. "Ubaya ni wangu."

Alimwaga unga ule kwenye shimo la taka, akaenda moja kwa moja mlango wa pili.

Mama Sindano alikuwa anashona. Hakusimamisha mguu. Cherehani ilikwenda mpaka mwisho wa mshono, ikageuzwa, ikarudi. Mama Sadaka akabaki mlangoni, maana hakukaribishwa, akasema yote akiwa amesimama. Alisema maziwa, mayai, ngano, karanga. Alisema wifi. Alisema kwa nini alipita mbele kwenye mashine. Alisema aliyoyasikia kwa Bwana Vumbi, akasema na kijiko cha pili na cha tatu.

Mguu wa Mama Sindano ukasimama.

"Kwa hiyo karanga zangu ndizo zilizotaka kuniulia yule mtoto."

"Hukujua, dada."

"Sikujua. Ningejuaje? Miaka mingapi nakuuliza?" Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Mimi nilidhani mna njaa. Nikawa nakutania ili ucheke useme. Mtu akicheka husema. Wewe ukacheka, hukusema."

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Mjukuu wangu mimi ana mguu mmoja mfupi, uani wote wanajua, wanamwita Bata, anaitika. Tumekufa?"

Mama Sadaka akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada yangu."

Mama Sindano akachukua kitambaa, akakitazama, akakiweka. "Nitakusamehe. Mungu akinipa uzima nitakusamehe. Lakini si leo, leo nina gauni la mtu, na wenye magauni nimebakiwa nao wachache." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ulinisema mbele ya watu. Kunong'ona mlangoni kwangu hakuniondolei kitu. Kanisafishe mbele ya watu hao hao, kisha uje ukae, tuongee."

"Nitafanya."

"Na Kitinda mwambie magari yake yapo, sijayafungua nyuzi."

Mama yule hakulala vizuri juma lile. Alijua pa kusemea. Uani walikuwa wachache, nyumba ya ibada angeonekana anatafuta sifa nyingine, ya kutubu. Palipompa jina ndipo patakapolichukua.

Siku ya kusaga ilipofika, akina mama walikuwa wamewahi, ndoo zimepangwa. Mama Sindano alikuwepo pia, nyuma kabisa, hakuna aliyesimama karibu naye. Bwana Vumbi alikuwa ameshawasha mashine, nayo inanguruma kwa njaa.

"Haya, Mama Sadaka huyo," mmoja akasema. "Mpisheni akatulishie."

Wakampisha, kama kawaida. Lakini yeye hakumwaga mtama wake. Aliweka ndoo chini, akamwomba Bwana Vumbi azime mashine, na Bwana Vumbi akazima. Kuku wa jirani wakasikika.

Aligeuka akawatazama. Uso ulimwaka moto. Alisema Mama Sindano hakumpa mtoto wake kitu, na kwamba yeye alimsingizia. Alisema Mama Sindano alimtendea wema kwa siri, na yeye akamlipa kwa aibu ya hadharani. Mtu mmoja mbele akaguna. Mwingine akamgeukia Mama Sindano, kisha akatazama chini, labda ni yule wa kitambaa. Mama Sindano mwenyewe alikuwa amekunja mikono, anasikiliza kila neno kama anayehakiki mshono.

Akasema na habari ya watoto. Akaanza kwa kusitasita, kisha likatoka. Hakutaja wifi. Aliposema wanaumwa, alisubiri wacheke au wasogee, na hakuna aliyecheka, ila bibi mmoja mzee wa mwisho wa foleni aliuliza, "Na samaki je, wanakula?" Akajibu, "Wanakula, bibi." Bibi akasema, "Basi si haba."

Halafu ikabaki sehemu iliyokuwa ngumu kuliko kutubu. Baada ya kuwapotezea jina walilompa, sasa alitakiwa kuwaomba. Miaka yote alipita mbele akiwa mtoaji, kichwa kimeinama, na hakuwahi kuomba chochote kwa mtu. Alishika mpini wa ndoo yake kwa mikono miwili.

"Naombeni mniache nisage wa kwanza, kabla ya ngano na karanga za mtu yeyote," akasema. "Si sadaka. Ni watoto wangu, wanaumwa."